Edimu Amejaza Kodi Yake

Ujumbe uliingia Damalie akiwa ameinama juu ya robota la mitumba katika soko la Busia, upande wa Kenya, akitenga mashati ya watoto na ya wakubwa. Aliusoma harakaharaka, kama mtu asomavyo matangazo ya kampuni za simu, kisha akaketi juu ya nguo zilezile akausoma upya. Mamlaka ya mapato ilikuwa ikimshukuru Edimu. Ripoti yake ya kodi ya mwaka uliopita ilikuwa imepokelewa.

Edimu alikuwa mumewe, na alikuwa amekufa. Alikuwa dereva wa lori la mafuta, na lori lile lilipinduka likashika moto kwenye barabara ya Juba, mwaka wa tatu sasa. Damalie mwenyewe ndiye aliyeingia kumtambua katika chumba cha maiti kule Gulu, kwa sababu karatasi zilimtaka mke. Wanaume wa ukoo walimngoja nje. Alipotoka aliwaambia ni yeye, nao wakaamua jeneza lipigiliwe misumari na lisifunguliwe tena. Hakuna aliyemwuliza ameona nini.

Kwanza alidhani ni matapeli. Lakini tapeli huomba kitu, na ujumbe huu haukuomba chochote. Ulimtaja Edimu kwa majina yake yote matatu, hata lile la ubatizo ambalo hakulipenda. Tena ulikuja kwenye simu ya Damalie. Nani angetoa namba yake huko serikalini, ila mtu aliyeihifadhi kichwani?

Hapo ndipo wazo lilipomwingia, polepole, kama maji yapitayo chini ya mlango. Aliyaona mabaki kwa macho yake, ndiyo. Lakini aliona nini hasa? Uso haukuwapo. Aliona mguu mmoja ulionusurika ndani ya buti, na kidole kidogo kilichompanda mwenzake, kama cha Edimu. Watu wangapi duniani wana kidole cha namna ile? Huenda utingo wake alikuwa nacho. Huenda Edimu aliruka, akapotewa na akili, akaokotwa na watu asiowajua, na sasa kumbukumbu zilikuwa zinamrudia kidogokidogo, na kitu cha kwanza alichokikumbuka kilikuwa kodi. Ingekuwa tabia yake hasa. Kila mwaka alikwenda kujaza mapema, kabla ya zile foleni za mwisho wa Juni, akirudi ametulia kama mtu aliyetoka kuungama.

Wateja walimwita Damalie asisikie. Alimuuzia mama mmoja sketi, kisha akamrudishia noti ileile aliyopewa.

Asubuhi yake hakufungua kibanda. Alikwenda kwenye duka la kompyuta la John Paul, ambako Edimu alikuwa akijaziwa ripoti zake enzi za uhai wake. Alimwonyesha simu na kumwuliza kama Edimu alifika hapo. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizia habari za jirani.

John Paul alisema hajamwona Edimu siku nyingi, alijua tu kwamba yuko safari za mbali. Anayekuja ni mama yake. Bibi mmoja mrefu kutoka Mella, huja kila mwaka mwezi wa sita, na kwa kuwa duka lilikuwa na nywila ya Edimu, kama lilivyokuwa na nywila za nusu ya mji, kazi haikuwa na mzunguko: hakuna mapato, bonyeza, tuma. Mwaka huu mfumo ulidai namba ya simu inayopatikana, na bibi akatoa namba pekee aliyokuwa nayo, ya mkwe wake.

"Kwani Edimu hajarudi bado?" akauliza John Paul.

Damalie akamwambia Edimu alishazikwa. John Paul aliondoa mikono yake kwenye kompyuta kana kwamba imepata moto. Damalie akamsimulia pia jinsi watoto walivyoacha shule wakingoja fidia ya bima. Kisha, kwa sauti ndogo, John Paul akamfafanulia lile ambalo wakili wa Damalie alikuwa amelisema nusunusu, kwamba fidia ya watoto imekwama kwa sababu karatasi za marehemu zinagongana. Watu wa bima walikuwa na cheti cha kifo mkononi. Watu wa kodi walikuwa na mtu anayeripoti kila mwaka kwamba yuko, ila hana kazi. Nani atawalipa watoto fidia ya baba anayejaza kodi? John Paul akaongeza, kama anayejitetea, kwamba kujaza kwenyewe mtandaoni ni bure, yeye hutoza ufundi na umeme tu. Damalie alitoka nje akiifikiria hiyo bure.

Alivuka mpaka, akakodi bodaboda mpaka Mella. Njia nzima alikuwa akipanga maneno makali. Tangu jana mchana hadi asubuhi ile alikuwa mke wa mtu tena, na sasa alikuwa mjane mara ya pili, na aliyemtenda hivyo alikuwa mkwewe.

Alimkuta mama mkwe, Aanyu, uani akipepeta karanga. Wawili hawa hawakuwa na lugha moja ya kuzaliwa, Damalie Msamia na Aanyu Mteso, na tangu harusi walisemezana kwa Kiswahili cha sokoni. Damalie akapiga magoti kumsalimu kama ilivyo ada, na alipokuwa bado chini, yale maneno makali yote yakampotea. Aliuliza tu ni kwa nini.

Aanyu hakukana. Alieleza kwamba alisikia redioni watu wasiojaza hutozwa faini, na faini huzaa hata mwenyewe akiwa hayupo. Basi kila mwaka alikuwa akiuza karanga kabla bei haijapanda, ili apate nauli na ada ya duka. Malaba palikuwa karibu zaidi na hapakukosa maduka ya namna hiyo, lakini lile la Busia lilimjua Edimu.

"Akirudi akute deni ya serikali?" akasema. "Mtoto yangu alikuwa napenda mambo yake safi."

"Mama, Edimu tulimzika."

"Mimi nilizika mbao." Aanyu akaweka ungo chini. "Wanaume walipiga misumari, mimi nikaona mbao. Wewe ndiyo uliingia. Hii miaka yote sikuuliza, naogopa. Leo nakuuliza. Uliona mtoto yangu?"

Damalie alijua angeweza kusema hana hakika. Hakuna ambaye angemlaumu. Wangengoja pamoja, yeye na bibi huyu, na kungoja kwa wawili kuna utamu wake. Alikuwa ameuonja tangu jana.

"Niliona mguu wa kushoto," akasema. "Kidole kidogo kimempanda mwenzake. Na juu ya kisigino kulikuwa na kovu, limepinda kama mwezi mchanga."

Lile kovu ndilo alilokuwa amelizunguka tangu jana, asilitazame. Alipolitaja, alijua ameshafunga mlango.

Aanyu alibaki ametazama mikono yake.

"Jembe," akasema mwishowe. "Alikuwa bado natambaa. Akatambaa nyuma yangu shambani, mimi sikuona. Ni jembe yangu ilimkata."

Kisha akaanza kulia, kilio cha msiba, kile cha kuita watu. Majirani wakaja mbio kutoka mashambani wakiuliza nani amefariki. Damalie akawaambia ni Edimu. Walikuwa wamemzika wao wenyewe, wameshika koleo kwa mikono yao, lakini hakuna aliyecheka wala kuuliza zaidi. Waliweka majembe chini, wakaketi.

Juma lililofuata Aanyu alikwenda Busia kwa hiari yake, akaapa mbele ya wakili na kuweka dole gumba. John Paul alimsindikiza Damalie kwa watu wa kodi kwenda kulifunga jina la Edimu, naye alikataa malipo. Fidia ilichukua misimu miwili ya mvua, lakini ilitoka, na watoto wakarudi shule. Majirani wa Mella wanasema bibi amenenepa kidogo, na usingizi wake sasa ni mzuri.

Ni Damalie ambaye hajatulia. Anajua alichokiona, amekisema kwa mdomo wake mwenyewe. Lakini malori yanapopanga foleni kuelekea mpakani, na moja likatoa ile pumzi ndefu ya breki nyuma ya kibanda chake, huacha kukunja nguo, akainua kichwa, akangoja mlango wa dereva ufunguke.