Aliyemshikia Chozi Nafasi

Mama mwenzangu, kama una mtoto mwenye sauti, soma haya kabla hujamruhusu mtu amtoe nje ya mlango wako.

Yule mwimbaji wa soul mnayemwita Chozi ni dada yangu, tumbo moja. Nyinyi mmemjulia redioni. Mimi nimemjua akifua mashuka kwenye nyumba ya wageni, anaimba kwa nguvu ili asahau mgongo unavyomuuma. Mpiga gitaa mmoja aliyepanga chumba pale alitoka na taulo begani kuuliza ni nani huyo. Basi, dada akaacha mashuka kwenye beseni, yakalala majini mpaka yakanuka, akaingia bendi. Wimbo wake wa kwanza, ule wa mwanamke anayepiga pasi shati la mume aliyeshaondoka, ulitoka kwenye santuri. Ukaja kwenye kanda, ukaja kwenye sidii, na sasa uko kwenye simu za wajukuu. Bendi ilisambaratika, wapigaji wengine wakafa, yeye akabaki akiimba kwenye harusi za watu ambao hata hawakugeuka kumtazama. Hakuacha. Hilo nampa, tena si kwa shingo upande.

Lakini dada yangu si mtu wa kuja kwako hivi hivi. Mimi nashona sare za shule, na yeye miaka yote alikuwa akipita kushonewa magauni ya jukwaani, anavaa, anajigeuza, anaondoka. Siku alipokuja na kitambaa kizuri, akasema ni zawadi yangu, nilijua kuna jambo.

Alikuwa ananong'ona. Anatunza sauti, akasema. Alikuwa ameitunza mwaka mzima, kama sahani za wageni zinavyotunzwa kabatini hadi wenyewe wanasahau kama zipo. Akaniambia anarekodi tena, na anamtaka binti yangu, kitinda mimba wangu, akaitikie nyimbo zake.

"Nataka damu yangu nyuma yangu, mdogo wangu," akasema. "Hawa wa kukodi wanaitikia kama wanaita teksi."

Nilicheka. Kugeuka, binti ameshasimama, viatu miguuni. Nikaona haya yamepangwa bila mimi.

Nikaenda nao. Studio ilikuwa chumba nyuma ya duka la vipuri, kuta zimebandikwa trei za mayai, feni imezimwa isije ikaunguruma ndani ya wimbo. Mbele ya maikrofoni kulikuwa na soksi ya kike iliyovutwa kwenye duara la waya. Nikauliza ni ya nani. Fundi wa kurekodi akacheka, akasema inazuia pumzi isigonge. Alikuwa mpole huyo fundi, mpole kupita kiasi. Aliniletea kiti bila kuombwa, akakiweka mahali ambapo sioni ng'ambo ya kioo kinachotenga chumba cha kuimbia.

Dada aliketi kwenye kochi, shali shingoni, glasi ya maji moto mkononi. Ndipo fundi akamwambia binti yangu, "Mshikie mama mkubwa nafasi."

Neno hilo mimi nalijua la foleni. Unamshikia mtu nafasi hospitali, akifika unampisha. Nikaona ni heshima, mtoto amtumikie mkubwa wake. Fundi naye akanifafanulia hivyo hivyo: binti ataimba wimbo mzima ili wapigaji waufuate, kisha mwenyewe atakuja kuweka sauti yake, na ile ya binti itafutwa. Ila aimbe kama mama mkubwa hasa, akasema, ili vipimo visipotee. Nikatikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Vipimo mimi navijua vya kiuno.

Siku ya mwenyewe kuweka sauti nilitaka kwenda. Dada akasema siku hiyo hapendi macho. Binti aliporudi nikamuuliza mama mkubwa ameimbaje, akasema vizuri, akaingia kuoga. Vizuri gani isiyo na hadithi? Mtoto huyu ukimtuma chumvi anarudi na habari za mtaa mzima.

Wimbo ukatoka. Niliusikia kwenye redio ya fundi viatu, jirani yangu wa kibarazani. Mteja mmoja akasema Chozi amerudi ujanani, mwingine akafuta macho kwa sare mpya ya mwanawe. Mimi mguu ulisimama juu ya cherehani. Pale wimbo unapopanda kulikuwa na kacheko kadogo ka pumzi, kama mtu aliyekanyaga maji ya baridi. Dada yangu hajawahi kupanda hivyo. Anayepanda hivyo nimemzaa mimi.

Nilimuuliza binti akiwa anamenya viazi.

"Ni mama mkubwa, mama. Mimi nimeitikia tu," akasema, lakini alikuwa anaongea na kiazi.

Sikugombana naye. Nikaanza kusikiliza. Nilikuwa nadhani mwanangu anaibiwa wimbo, basi. Kumbe alikuwa anafanya mazoezi ya nyimbo zote zilizobaki, chumbani, mlango umefungwa. Siku moja niliuliza kutoka jikoni nani amechukua kisu. Sauti ikanijibu, nzito, yenye mikwaruzo, nami nikasema, "Dada, umeingia saa ngapi?"

Hakukuwa na dada. Alitoka binti, anacheka.

Nikamwambia aniimbie kile kiwimbo chake cha kuanikia nguo, kwa sauti yake mwenyewe. Akaanza, ikatoka ya Chozi. Akakohoa, akaanza tena, ikatoka ileile. Mara ya tatu hakucheka. Akasema itarudi, lakini hakuwa ananiambia mimi.

Dada alipokuja asubuhi kumchukua wakamalizie albamu, nilisimama mlangoni.

"Leo haendi mpaka wewe uimbe kwanza," nikamwambia. "Hapa hapa."

"Tangu lini mimi naimba sebuleni?"

"Tangu leo."

"Hata maji sijanywa, mdogo wangu."

"Maji yapo."

Akaniangalia. Akavua shali, akaanza ule wimbo wa shati. Mstari wa kwanza ulitoka kama karatasi inayochanwa polepole, lakini ulikuwa wake, na mwili ulinisisimka kama zamani. Wa pili ukakatika katikati. Hapo binti, aliyekuwa nyuma ya pazia la chumba, akaudaka. Nadhani hakukusudia, hakuvumilia kuuacha uanguke. Aliudaka palepale, kwa sauti ileile, akapanda nao.

Na dada yangu hakufunga mdomo. Sauti haikutoka, lakini midomo ilikwenda na binti neno kwa neno. Kidevu kiliinuka pa kuinuka, kifua kikajaa pa kuvuta pumzi, hata kale kacheko alikafanya, kwa mabega. Hayo hayaji kwa bahati. Hayo mtu anayafanyia mazoezi mbele ya kioo, siku nyingi, akijiandaa kwa jukwaa.

Nikamwambia binti anyamaze. Akanyamaza. Midomo ya dada ikaendelea maneno mawili matatu, kisha nayo ikasimama.

Alijifunga shali taratibu. Mlangoni akaniambia, bila kunitazama, kwamba alikusudia kumwachia binti jukwaa.

"Lini?" nikamuuliza.

Akaondoka peke yake.

Basi, mama mwenzangu, ukisikia mwanao anaambiwa amshikie mtu nafasi, uliza mwenye nafasi anafika lini, na umsubiri kwa macho yako, hata akiwa ndugu, hasa akiwa ndugu. Binti yangu amenuna mpaka leo. Ananijibu neno moja moja. Nami kila neno nalisikiliza kwanza, nijue ni la nani.