Firigisi ya Baba

Mimi ni mtu wa tumbo, na sioni haya kusema. Wako wanawake hapa mtaani Lucky Summer wakishika hela kidogo wanakimbilia nywele. Mimi nakimbilia soko. Najua nani anauza mboga ya mrenda isiyo na mchanga, najua bucha gani ya Kiamaiko inakupa mbuzi wa leo na si wa juzi, na kuku wa kienyeji namjua kwa kumpapasa kifua tu. Ukila kwangu utasahau kwenu. Lakini kuna mlo mmoja niliopika ambao mimi sikuusahau, na shemeji yangu Patrobas aliusahau siku ileile. Mtenda husahau, mtendwa hasahau.

Mlo huo ulikuwa wa baba yangu. Alitoka Vihiga kuja kuangaliwa macho, akafikia kwa binamu yangu, maana kwetu mzee halali nyumbani kwa mkwewe. Chakula cha mchana lakini angeweza kula, na ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga kwangu tangu niolewe. Nilimnunulia jogoo mwekundu. Nikambabua juu ya makaa mpaka ngozi ikanukia moshi, nikamchemsha polepole, nikamkaanga na vitunguu na nyanya mpaka mchuzi ukawa mzito. Juu kabisa nikaweka firigisi. Kwetu Waluhya firigisi, imondo, ni ya mwenye heshima mezani. Kuku akifika mbele ya mgeni bila imondo, ni kama hakuchinjiwa yeye.

Baba akanawa mikono. Kabla hajagusa ugali, Patrobas akaingia bila hodi. Ni kaka mkubwa wa mume wangu, na tangu wazazi wao wafariki anajiona yeye peke yake ndiye ukoo mzima. Akasalimia, akakaa, akanyoosha mkono mpaka kwenye sahani ya baba yangu, akachukua ile firigisi.

"Hii ni boma ya ndugu yangu," alisema akitafuna. "Hapa imondo ni yangu. Yako, mzee, iko huko kwako."

Akacheka. Mume wangu, Baba Jacky, akakodolea televisheni macho. Baba alirudisha mikono kwenye beseni, akainawa tena, akasema ameshiba. Hakuwa amekula hata tonge moja. Nilimsindikiza mpaka stendi, na njia nzima alikuwa akinisifia mapazia yangu. Hajarudi kwangu tena.

Nilimchukia Patrobas. Nilimchukia nikiosha vyombo, nikamchukia nikikanda unga wa chapati, nikamchukia hata kanisani tukiombeana amani. Baba Jacky naye nilimwadhibu kivyake: tangu siku ile hajaonja firigisi. Kila nikipika kuku namwambia muuzaji amesahau kuiweka. Anaamini, au anajifanya kuamini.

Miaka mitatu ikapita. Siku moja Patrobas akaja na soda mbili mkononi, na mtu huyo haji na kitu bure. Binti yake Tiffany alikuwa amepata mchumba, Kinyanjui, kijana wa Kikuyu, na wazazi wa kijana walikuwa wanakuja kujitambulisha.

"Mama Jacky, jikoni ni wewe tu," alisema. "Unamjua mke wangu Nerima. Wali wake unaweza kujengea ukuta."

"Nitapika, shemeji."

"Na jogoo wa meza ya wazee umwangalie vizuri. Mzee Sylvance anakuja."

Mzee Sylvance ni ami yao, na ndiye binadamu pekee Patrobas anayemwogopa. Hapo hapo nikajua firigisi ya jogoo huyo haitafika mezani. Nilimkubalia kwa tabasamu, nikanywa na soda yake.

Kilichonizuia kidogo ni Tiffany. Huyo mtoto nimemfundisha mimi kusukuma chapati. Wageni wakikasirika na kuinuka, nitakuwa nimemchoma yeye kwa kosa la baba yake. Basi nikamwendea jirani yangu Warigia, ambaye ni Mkikuyu, nikamuuliza: watu wenu wakikosa firigisi kwenye kuku, wataondoka?

Warigia alicheka mpaka akashika ukuta. "Firigisi? Wakose mbuzi ndio utaona maneno!"

Hapo nikajua kisu changu kitamkata mtu mmoja tu.

Siku yenyewe nilipika kama niliyepagawa. Mbuzi, pilau, chapati, sukuma wiki, na jogoo wa wazee nikampika vilevile nilivyompikia baba. Tiffany akachungulia jikoni, akipuliza kucha zake mpya.

"Auntie, niko na tenshen mbaya. Na wasipopenda?"

"Watapenda, mama. Nenda ukae."

Firigisi niliikaanga peke yake, chumvi na pilipili, ukingoni ikakauka vizuri. Walipokuwa wakinawa mikono sebuleni, niliila nikiwa nimesimama dirishani, taratibu, bila haraka ya mtu yeyote. Sijawahi kula kitu kitamu hivyo maishani mwangu.

Mzee Sylvance mwenyewe ndiye aliyefunua sufuria ya kuku. Akazungusha mwiko mara ya kwanza, akazungusha tena. Mimi nilikuwa mlangoni.

"Patrobas," akasema. "Imondo ya wageni iko wapi?"

Patrobas akachukua mwiko, akachimba kama mtu aliyeangusha pete kisimani. "Mama Jacky! Imondo iko wapi?"

Niliingia nikijipangusa midomo. "Ulikula, shemeji."

"Nini?"

"Ulikula. Kwangu, kwenye sahani ya baba yangu, akiwa ameshanawa mikono. Ukamwambia yake iko huko kwake. Jogoo ana firigisi moja tu, na wewe yako ulishamaliza."

Mzee Gitonga, baba yake Kinyanjui, alikuwa ameshajichotea paja la kuku na kuliuma; alitutazama mmoja mmoja.

"Firigisi si ile kitu tunapeanga watoto?" aliuliza. "Hii kuku lakini ni tamu sana. Nani amepika?"

Mzee Sylvance hakucheka. "Patrobas, ni ukweli?"

Patrobas akamgeukia Baba Jacky amwokoe. Safari hii mume wangu hakutazama televisheni.

"Ni ukweli, ami. Nilikuwa hapo."

Neno hilo lilichelewa miaka mitatu, lakini nililipokea.

"Mla kuku wa mwenzake miguu humwelekea," alisema Mzee Sylvance. "Mkwe wa ndugu yako ni mkwe wako. Wageni wetu wale washibe. Wewe toa mkono. Hutaonja kuku kwa huu ukoo mpaka upeleke jogoo kwa yule mzee, umbebe mwenyewe, umwombe msamaha."

Patrobas akakaa pale akila chapati kavu, akitazama wakwe zake wapya wakimaliza jogoo aliyemnunua kwa pesa zake. Mifupa yake walifyonza. Nilikuwa nawaongezea mchuzi hata kabla hawajaomba.

Mazungumzo ya Tiffany yalikwisha vizuri, na wageni waliondoka wakiimba. Tiffany mwenyewe alikuja jikoni akiwa amenuna.

"Auntie, si ungengoja ata waende?"

Nilimwambia pole, na niliimaanisha. Lakini ile pole ilikuwa yake, haikuwa ya baba yake.

Nilipomaliza vyombo nikampigia baba simu. Nilimweleza yote, na kwamba Patrobas anakuja Jumamosi na jogoo. Nilisikia kuku wake wakikwaruza uani. Baba ni mzee wa kanisa, nikajua sasa ataniambia mambo ya kusamehe.

"Mwambie aje asubuhi," alisema. "Asile kitu njiani. Mama yako atapika. Ile imondo nitaiweka mimi mwenyewe kwenye sahani yake."

"Kwenye yake, Baba?"

"Yake. Nataka nikae mbele yake, nisile, nimwangalie akitafuna mpaka amalize."

Kisha akaniuliza kama bado nina yale mapazia.