Siku Nne Mgongoni

Mjukuu wangu anasomea ualimu wa watoto wadogo, na mwaka huu chuo kimemwagiza aeleze hatua za utoto wake, kisha azipime na maneno ya wataalamu. Wenzake waliolelewa na mama zao walipiga simu moja, wakamaliza. Yeye ilibidi aje mpaka kwangu na daftari, maana mimi ndiye niliyemlea, na utoto wake wote umo kichwani mwangu pamoja na vipimo vya viuno vya nusu ya mtaa. Mimi ni fundi cherehani.

Tunamwita Kifungo. Jina alilipata ana miezi saba, alipomeza kifungo cha koti la mwalimu mkuu. Nilikaa siku mbili nakisubiri kitoke, kwa kuwa koti lilikuwa la watu na vifungo vya aina ile vilikuwa sita tu. Kilitoka. Nikakiosha, nikakishona, na mwalimu mkuu alilivaa koti lile mpaka akastaafu.

Kifungo aliandika hayo kwa furaha. Akanieleza kwamba kitabuni kuna mzee mmoja aliyegundua kuwa mtoto wa umri ule huijua dunia kwa mdomo. Nikamwuliza mzee huyo alilea watoto wangapi. Akasema kitabu hakisemi.

Akataka kujua alitambaa mwezi gani. Nikamwambia hakutambaa, alisota kwa makalio, na sakafu yangu haijawahi kung'aa vile tena. Hilo halikuwemo kitabuni, akaliruka. Akauliza kama kitu kikifichwa alikitafuta, au alidhani kimekwisha duniani. Nikamkumbusha habari za mkasi wangu: niliufunika kwa kitambaa, yeye akanyanyua kitambaa kimoja kimoja mpaka akaufikia. Akasema alikuwa mbele ya umri wake. Mimi wakati ule nilisema neno jingine.

Ndipo tukafika kwenye sura iliyomleta, na kalamu ikapunguza mwendo. Kitabu kinasema mtoto hujifunza kuamini watu katika mwaka wa kwanza, kwa yule anayemshika. Sasa mama yake, binti yangu, alikwenda chuo cha uuguzi Kifungo akiwa na miezi minne, akawa anarudi Jumamosi na kuondoka Jumapili. Kwa hesabu ya Kifungo, basi, yeye ni nyumba iliyoezekwa bila msingi. Akanieleza kuwa ndiyo sababu simu za mama yake huziacha zikalia. Miaka yote nilidhani ni uvivu, kumbe ni nadharia.

Wahenga nao walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Bibi hatukuhesabiwa.

Kilichobaki cha kumwokoa kilikuwa kimoja, nacho tunakijua sote katika familia. Jumamosi moja, mama yake aliingia, akaweka mkoba chini, akapiga magoti, na Kifungo akauachia mguu wa cherehani akamwendea. Hatua zake za kwanza duniani.

"Ikiwa nilimngoja yeye, Bibi," akaniambia, "maana yake nilimwamini. Hapo kazi yangu inasimama." Akatoa fomu. Mzazi na mlezi watie sahihi kwamba yaliyoandikwa ni kweli. Mama yake angepita mchana, akitoka zamu.

Nikaitazama ile fomu kama ninavyotazama kitambaa nilichokikata vibaya. Kifungo alitembea Jumanne.

Nilikuwa nashona kola za sare. Akatoka mlangoni, akaja hadi kwenye kikapu cha vipande, akaketi kama mtu aliyemaliza kazi yake. Sikupiga makofi. Nilimfikiria binti yangu, aliyekuwa amekosa jino la kwanza, amekosa kukaa kwa kwanza, na neno la kwanza pia, ambalo lilikuwa "bibi", Mungu anisamehe. Nikachukua mbeleko nikamfunga mgongoni. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, nikakanyaga cherehani naye juu yangu akinipiga mateke. Wateja wakiuliza, nasema ana mafua. Nilimshusha kulala na kuoga tu, na kuoga alioga amekaa. Jumamosi niliposikia lango, nikamfungua, nikamshikiza mguu wa cherehani.

Miaka ishirini na moja sikumwambia mtu.

Binti yangu alifika, akavua viatu vya kazini, akatia sahihi yake ya haraka ya kiuguzi bila kusoma. Fomu ikaja kwangu. Mimi niliishia darasa la nne, na jina langu naliandika herufi moja moja, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kutosha wa kuwaza. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba nitaitwa kutoa ushahidi. Nikisema, namnyang'anya binti yangu hatua pekee aliyonayo, na Kifungo msingi wake. Nisiposema, mtoto anasimama mbele ya darasa na uongo wangu mkononi.

Nikafika herufi ya tatu, nikaweka kalamu chini, nikawasimulia. Sikuwatazama usoni. Nilikuwa nanyoosha pindo la kitambaa cha meza, lililokuwa limenyooka.

Kisha binti yangu akaanza kucheka, akacheka mpaka akajipangusa machozi kwa mkono wa sare.

"Mama, alipiga kona," akasema. "Aliizunguka ile meza ya kukatia bila kuishika. Mtoto wa hatua ya kwanza hapigi kona."

Kifungo akamgeukia. Akamwuliza kama alijua, mbona alinyamaza.

"Nilimwona bibi yako anavyokaa, mkono kiunoni, hawezi kujinyoosha," mama yake akajibu. "Nikajua ulikuwa wapi wiki nzima. Mtu amekubeba ili nisikose, halafu mimi nimwambie nimekosa?"

Kifungo alifuta Jumamosi akaandika Jumanne, akafunua kitabu mbele na nyuma akitafuta mahali pa kuyaweka yale mengine. Hakupata. Akayaandika hivyo hivyo. Nami nikamalizia herufi zangu.

Kazi ilirudi na alama za kupita tu. Mhadhiri aliandika kwa wino mwekundu: "Mlezi alimzuia mtoto kutembea kwa siku nne. Eleza athari."

Hayo sikuyasikia kwa Kifungo. Niliyapata kwa binti yangu, ambaye sasa hupigiwa simu kwanza. Alimjibu mwanawe kwamba athari ipo, aandike: mgongo wa bibi yake haujanyooka mpaka leo.