Nguo Bila Upindo

Asubuhi moja, baada ya chai, Fundi alifungua kabati la watoto ili apange shuka, akakuta gauni la Dada limemwagikiwa uji kifuani. Uji wenyewe ulikuwa umeshakauka. Alilitoa, akalikwangua kwa ukucha, akalitia kwenye beseni. Kisha akaitazama suruali ya Mdogo iliyokuwa pembeni yake, akaona goti moja limejaa udongo. Akaitia nayo.

"Wameanza kuzivaa," alimwambia mumewe.

Mumewe alikuwa fundi wa mabomba ya maji, na mtaa mzima ulimwita Bomba, hata mama mkwe wake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akifunga kamba za viatu. "Afadhali," alisema. "Nilikuwa naona zinakaa bure tu."

Watoto wenyewe hawakuwa wamefika. Walikuwa ndugu wa tumbo moja, msichana na mdogo wake wa kiume, wakilelewa kwenye makao ya watoto upande wa pili wa mji, na Fundi na Bomba walikuwa wameomba kuwaasili. Walishahojiwa, wakapimwa afya, wakapigwa picha wamesimama wima kama wezi, na nyumba yao ikakaguliwa mpaka uvunguni mwa kitanda. Ilibaki sahihi ya afisa wa ustawi wa jamii. Mkuu wa makao aliwaambia mwezi hautaisha kabla watoto hawajalala kwao.

Siku waliyoambiwa hivyo, Fundi alikaa kwenye cherehani yake. Vipimo alikuwa navyo, maana aliwapima watoto mwenyewe wakati Mdogo akicheka kwa kutekenywa na futi kamba. Akakata, akashona gauni la Dada na suruali na shati la Mdogo, na akafanya kosa ambalo mshona nguo za watoto halifanyi hata akiwa na homa: hakuacha upindo. Nguo ya mtoto huachiwa kitambaa cha kutosha kukunjwa chini, na mbavuni hubakizwa nafasi, kwa sababu mtoto anakua huku unamwangalia. Fundi alikata sawasawa na mwili, bila kubakiza chochote.

"Umesahau upindo," Bomba alimwambia. Ukiishi na fundi, unajifunza.

"Sijasahau. Upindo ni wa anayesubiri. Sisi tunapokea."

Ndivyo imani yao ilivyokuwa. Jioni, kabla ya kula, hawakumwomba Mungu alete watoto. Walimshukuru kwa kuwa amewaleta, kisha wakala, na sahani mbili tupu zikiwa mezani pamoja nao. Mama mkwe wa Bomba alipokuja kuwatembelea aliuliza mara moja tu sahani zile ni za nani. Alipojibiwa, akazisogeza kidogo ili apate pa kuweka kiwiko.

Mwezi ule uliisha. Afisa aliyetakiwa kusaini alihamishwa, akaja mwingine. Waliozoea kukaa kwenye benchi la korido ya ofisi ile walimpa jina la Bwana Kesho, na wala hakukasirika alipolisikia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na tabasamu la kudumu na alimwuliza kila mtu habari za nyumbani. Alisema hawezi kutia sahihi kwenye kazi ya mtu mwingine, kwa hiyo faili lao litaanza upya. Na mpaka liishe, alisema, ni vizuri wasiende makao kuwaona watoto, wasije wakawapa matumaini.

Walivunjika moyo, asikudanganye mtu. Waliporudi nyumbani hakuna aliyewasha jiko. Wiki ile ndiyo nguo zilipoanza kuvaliwa.

Zilikaa kabatini mchana na usiku, hakuna aliyeziona zikitoka, lakini zilichafuka, zikachanika, zikapata jasho. Fundi alifua, akatia viraka, akapiga pasi. Tena zilikua. Kwa kuwa hazikuwa na upindo wa kufungua, ziliongezeka kitambaa zenyewe. Gauni la Dada lilikuwa la maua ya njano, na kila liliporefuka, safu mpya ya maua ilitokeza chini, rangi ile ile, bila mshono. Fundi alilipitisha mkononi akatafuta kasoro, asiione. Lililomkera kidogo ni hilo tu, kwamba kazi ilikuwa safi kuliko yake.

Jirani yao, mama mnene aliyependa kuazima pasi, alizitazama nguo kwenye kamba akatikisa kichwa. "Huyu wa kiume atakumalizia sabuni."

"Ndivyo alivyo," Fundi akajibu. "Hatulii."

Na kusema ukweli walikuwa na furaha. Bomba alitia karanga kwenye mfuko wa suruali ya Mdogo, na jioni akakuta maganda. Nusu ya maganda yalikuwa kwenye mfuko wa gauni la Dada, ndipo wakajua kwamba watoto wanagawana. Usiku huo Bomba alizungumza habari za maganda mpaka mkewe akamwambia alale.

Halafu shati la Mdogo likaanza kuamka na vumbi la saruji mgongoni. Lilikuwa limelowa kiunoni, na lilinuka mkojo. Fundi alidhani ni ajali ya siku moja, kwa sababu watoto wote hukojoa. Lakini kila alfajiri lilikuwa hivyo hivyo, mpaka kitambaa kikaanza kulika kwenye mabega, mahali ambapo mtu hukwaruzika akilala chini pagumu. Alilifunga shati kwenye gazeti bila kulifua, akaenda nalo ofisini.

Bwana Kesho alilikunjua juu ya meza, akalinusa, akapitisha kidole kwenye vumbi. Hakuwa na shaka yoyote.

"Huyu analala sakafuni," alisema. "Ni kweli. Wanaokojoa kitandani pale hunyang'anywa godoro. Nimeshasikia."

"Basi waambie wamrudishie."

"Mama yangu, malalamiko kuhusu mtoto yanapokelewa kutoka kwa mzazi wake."

"Mzazi wake ni mimi."

"Bado."

"Nitakuwa lini?"

Akatabasamu kwa huruma ya kweli kabisa, akalikunja shati vizuri na kumrudishia. Kisha akamwuliza kama anashona suruali za kiume, kwa kuwa mshono wa kola ulikuwa umempendeza. Fundi alikuwa na futi kamba shingoni, kama kawaida yake, akampima palepale.

"Kiunoni niachie nafasi," alisema Bwana Kesho. "Naongezeka."

Fundi alimwachia nafasi. Alilia njiani, kwa sauti, bila kujificha, na watu wakampisha. Alipofika nyumbani alimkuta Bomba anafungasha vifaa vyake.

"Mwanangu wamemlaza chini," alimwambia.

Bomba akaweka spana mezani. "Lifumue hilo shati mgongoni," alisema.

Wakalifumua. Bomba akatoboa mto wake mwenyewe, akatoa pamba, na Fundi akaipanga mgongoni mwa shati kati ya vitambaa viwili, akaishikiza kwa mishono ya mistari isije ikakusanyika upande mmoja. Alfajiri waliikuta pamba imelala, imebonyea mahali pa mbavu. Vumbi lilikuwa nje tu. Tangu hapo waliibadilisha pamba kila ilipokufa, na mito ya nyumba ile ikawa myembamba mmoja baada ya mwingine. Godoro la makao halikurudishwa. Fundi aliuliza tena na tena, akajibiwa vile vile, na aliyejibu alikuwa amevaa ile suruali.

Watoto wakawa wanakua. Shati la Mdogo lilipanuka mabegani. Mkojo ukakoma, vumbi likabaki. Maua ya gauni la Dada yalishuka mpaka gauni likagusa sakafu ya kabati, ikabidi Bomba ainue chuma cha kutundikia. Bwana Kesho alipandishwa cheo, akaja mwingine, naye akasema hawezi kutia sahihi kwenye kazi ya mtu mwingine. Jioni walishukuru, wakala.

Ikafika asubuhi Fundi akalikuta gauni lina damu nyuma.

Aliitazama damu, akaelewa, akakaa kitandani nalo mapajani. Bomba alichungulia mlangoni, akaona, akageuka akaenda uani kukaza koki ambayo haikuwa imelegea. Fundi alichota maji baridi, kwa sababu maji ya moto huigandisha damu, akafua taratibu huku akizungumza.

"Usiogope, mwanangu. Si ugonjwa, wala hujakosa kitu. Tumbo likikuuma, jikunje, lala kwa ubavu. Mama yupo."

Alishona vitambaa laini vya kujisitiri, akavikunja vidogo vidogo, akavitia mfukoni. Kisha alikwenda ofisini. Afisa mpya alimsikiliza, akampongeza kwa binti kukua, akamweleza kwamba msichana wa umri huo anahitaji faili lake peke yake, lenye ridhaa yake mwenyewe. Na kwa kuwa ndugu hawatenganishwi, la mdogo wake nalo litaanza upya. Fundi akashukuru, akaondoka.

Kesho yake mfuko ulikuwa mtupu. Gauni lilikuwa limelowa, limegeuzwa ndani nje, linachuruzika kabatini.

"Amelifua mwenyewe," Fundi alisema.

Bomba, aliyekuwa amevaa shati safi kwa sababu ilikuwa zamu yake kwenda kukaa kwenye benchi, alilikaribia akaligusa. "Amefua vizuri?"

"Hakusuuza. Sabuni yote imo. Hakuna aliyemwonyesha."

Bomba alipoondoka, Fundi alijaza beseni maji. Alilitandaza gauni ndani yake, akaishika mikono miwili ya gauni, huu na huu, akaisugua mmoja kwa mwingine chini ya maji, polepole, ili ionekane vizuri.

"Hivi," alisema. "Mpaka povu liishe."