Ngoma Tatu za Shaba na Pazia la Mahameli

Ni ipi kati ya zile ngoma tatu iliyompaisha Mzee Rula hadi karibu na dari, kikombe cha chai mkononi, pasipo kumwagika hata tone? Hilo ndilo swali lililokuwa likiwasumbua watu wanne Alhamisi ile saa nane mchana.

Ngoma zenyewe zilikuwa za jamii moja. Zilikuwa snea, zile ngoma fupi zenye waya zilizotandazwa tumboni ili kila pigo litoke na mkwaruzo wake. Zote tatu zilikuwa za shaba. Ya kwanza ilimiminwa kwenye kalibu, ikawa nene na nzito kama sufuria ya hotelini. Ya pili ilifuliwa kwa nyundo, na alama za nyundo zilijaa mwili mzima kama makovu ya tetekuwanga. Ya tatu ilikuwa bati jembamba la shaba, lililokunjwa na kuungwa kwa mshono mmoja, jepesi kiasi cha kuning'inizwa kwenye kidole. Mzee Rula, mwenye duka hilo la ala za muziki, alizipanga mezani kwa kufuata unene wake na kuacha sentimita kumi kamili kati ya moja na nyingine. Aliitwa Rula kwa sababu alitembea na rula katika mfuko wa shati, na kwa sababu aliitumia.

Mambo yalikuwa yameanza Jumatatu. Vijiti, binti mwembamba aliyepewa jina hilo kutokana na fimbo mbili za kupigia ngoma zilizochomoza daima kwenye mkoba wake, alifika dukani kuilinganisha milio ya ngoma hizo kwa niaba ya bendi ya mjomba wake. Alizipiga kwa zamu, akirukia hii na kurudia ile, macho yamefumbwa kama ilivyokuwa desturi yake. Mzee Rula alikuwa amempa mgongo, akinywa chai. Alipogeuka, alijikuta ana kwa ana na feni ya dari, ambayo kwa bahati njema ilikuwa imezimwa. Alimalizia chai yake huko huko, akapima umbali uliokuwepo hadi sakafuni, akapata mita moja na sentimita tisini, kisha akashuka taratibu Vijiti alipokibana kwa mguu kile kifaa cha matoazi mawili yanayofumbana kama chaza. Aliandika kipimo hicho daftarini. Alichosahau kukitazama ni ngoma iliyokuwa ikipigwa.

Habari zilimfikia meneja wa ukumbi mpya uliokuwa ufunguliwe Jumamosi. Meneja alimwita Mjomba, kiongozi wa bendi, akamweleza bila kuzunguka mbuyu kwamba bendi itakayowapaisha wasikilizaji walau mita moja wakati wa kiitikio itapewa ukumbi huo kila Jumamosi mwaka mzima. Mjomba hakuuliza maswali. Alikuwa mpiga tarumbeta wa miaka thelathini, na kazi ya kudumu alikuwa akiisikia kwa watu tu.

Ndiyo maana Alhamisi hiyo alikuja dukani mwenyewe, amekumbatia bunda la mabango ya onyesho yaliyotoka kiwandani asubuhi, na kufuatana na wapwa zake wawili: Vijiti, na kaka yake mkubwa.

Kaka ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wa bendi. Hivyo ndivyo watu walivyojua. Miaka minane iliyopita aliteguka kifundo cha mkono saa chache kabla ya harusi ambayo bendi ilialikwa kupiga, na Mjomba akakata shauri la haraka: Kaka akae jukwaani na ngoma iliyoshindiliwa blanketi ndani isitoe sauti, na mdogo wake apige ngoma halisi nyuma ya pazia. Mpango huo ulikuwa wa jioni moja. Mkono ulipona baada ya wiki mbili, lakini pazia likabaki, kwa kuwa Kaka alikuwa na mabega yanayoipendeza suti, na kwa kuwa, kama Mjomba alivyopenda kusema, watu walikuwa wameshazoea. Vijiti hakutaka mambo mengi. Alitaka kukaa kwenye kile kiti cha mbele, na kuliona jina lake kwenye bango. Aliomba hivyo mara mbili kila mwaka, kwa adabu, na kila mara Mjomba alimjibu, "Tutaona." Alikuwa ameendelea kuona kwa miaka minane.

Kazi ilianza kwa utaratibu. Mzee Rula alichora msalaba wa chaki sakafuni, na Mjomba akasimama juu yake, magoti yamelegea kidogo, mabango kwapani, kama mtu anayengoja lifti. Kwa kuwa Kaka ndiye mpiga ngoma, Kaka alipiga.

Aliipiga ngoma nene. Sauti ilikuwa pana na yenye heshima, na Mjomba alibaki chini. Aliipiga iliyofuliwa, ikatoa mlio mkavu, wenye kiza ndani yake, na Mjomba alibaki chini. Aliipiga ile nyembamba, ikabweka, na kitu pekee kilichoinuka kilikuwa nyusi za Mzee Rula.

"Labda una uzito wa mchana," Mzee Rula alimwambia Mjomba. "Umekula?"

"Nimekula kama kawaida."

"Basi ndiyo hiyo kawaida."

Walikaza skrubu, wakalegeza skrubu. Walibadilisha ngozi, wakafunga madirisha ili hewa isivuruge shaba, wakafungua tena kwa sababu ya joto. Mzee Rula alitoa hoja kwamba kukosa chai ndiko kulikoharibu jaribio, hivyo Mjomba akashikishwa kikombe. Saa moja na nusu ilipita, na chai ikapoa. Watu wa ala ndivyo walivyo: wakisikia sauti nzuri huikagua shaba, huikagua ngozi, hukagua hata hali ya hewa, na mkono huwa wa mwisho kukaguliwa. Vijiti alikaa kwenye kreti karibu na mlango akiwatazama. Kutoka upande wa pili wa ukuta wa mbao ilisikika cherehani ya jirani, ikikimbia na kusimama.

"Mpe mdogo wako azipashe joto kidogo," Mjomba alimwambia Kaka hatimaye. "Kisha utaendelea."

Vijiti alikaa, akafumba macho, akaanza na ngoma nene.

Mjomba aliondoka ardhini kama maziwa yanavyopanda kwenye sufuria, wima, polepole, bila kelele. Kaka alimfuata, kisha Mzee Rula, ambaye safari hii alishika rula mapema. Upande wa pili wa ukuta cherehani haikusimama, ila sauti yake ilianza kutokea juu zaidi. Ukuta ule haukufika darini, na punde fundi cherehani, mama mnene mwenye tepu shingoni, alichungulia kupitia uwazi huo, bado ameketi kwenye kigoda chake, miguu ikikanyaga pedali, mita nyingi za mahameli nyekundu zikimfuata kama mkia.

"Hamjambo humo," alisema.

Walimjibu kuwa hawakuwa na neno.

Vijiti alihamia ngoma iliyofuliwa, nao wakaanza kuzunguka, kila mtu kwa mhimili wake, kama mishikaki kwenye jiko la umeme. Alihamia ngoma nyembamba, wakawa wanapanda kwa vishindo vidogo vidogo vilivyowatekenya nyayo, hata Mjomba, ambaye hakuwa amecheka tangu bendi ilipopata gari, akacheka mpaka tarumbeta yake ikajibu yenyewe kutoka kwenye mkoba wake mgongoni. Mzee Rula alitangaza vipimo huku akigongana na gitaa zilizotundikwa: nene, mita moja na nusu; iliyofuliwa, mita mbili kasoro, pamoja na kizunguzungu cha kupendeza; nyembamba, mita moja na robo, na kicheko.

Baada ya hapo ikawa shughuli ya matoazi, kwa sababu kumpaisha mtu ni kazi moja na kumwongoza akiwa angani ni kazi nyingine. Vijiti alikuwa na aliyoyapenda kati ya yale yaliyotundikwa ukutani, na aliyajua kwa masikio kuliko kwa macho. Toazi jembamba lenye vijipini vilivyolegezwa, ambalo huimba kwa mnong'ono kama mafuta yakianza kupata moto, liliwafanya wayumbe pole pole kama nguo kwenye kamba. Hilo, alisema, litafaa nyimbo za jazi. Toazi zito la roki liliwabandika darini kwa migongo, mikono imetandazwa, na kuwaacha hapo kwa mipigo minane, nalo likakataliwa kwa sababu ukumbi ulikuwa na taa za vioo. Toazi la wastani, lenye mwangwi mrefu, liliwapanga kwa wembamba wa sauti zao: fundi cherehani juu kabisa, Mjomba chini kwenye besi, kila mtu mahali pake bila kuambiwa. Hilo aliliweka kando kwa ajili ya kwaya. Kwa dansi hakuhitaji kutafuta. Yale matoazi mawili ya mguu yaliwashusha na kuwapandisha kwa mahadhi, wawili wawili, na Mzee Rula akajikuta amemshika fundi cherehani kiuno, juu ya ukuta, kwa heshima zote.

"Una hatua nzuri," fundi alimwambia.

"Sina hatua. Sijagusa chini tangu saa tisa na nusu."

Ilikuwa alasiri tamu. Waliwasahau wateja. Mtu aliyeingia kununua nyuzi za gitaa alipanda, akazichagua akiwa juu, karibu na rafu, akashuka na kwenda zake akiimba.

Ni katika mzunguko mmoja wa dansi ndipo bunda lilipomponyoka Mjomba kwapani na mabango yakatawanyika hewani. Yalielea dukani kote kama kurasa za kitabu kilichokataa jalada. Moja lilitua juu ya ngoma nyembamba, mbele ya Vijiti, naye akafumbua macho na kulisoma huku mikono ikiendelea. Picha ilikuwa ya Kaka, vijiti vimeinuliwa, suti imekaa sawasawa. Palikuwa na jina la Kaka mbele ya neno ngoma. Palikuwa na jina la Mjomba, la mpiga besi, la wapiga gitaa wote wawili. Chini kabisa, kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka, palikuwa na jina la fundi cherehani, kwa kazi ya kushona pazia jipya. Vijiti alilisoma bango mara tatu, kutoka juu hadi chini, na mara ya tatu alisoma hata anwani ya kiwanda cha uchapaji.

Fundi cherehani alikuwa amelipata lake. Alilisogeza mbali na macho, kisha karibu.

"Mimi sikuomba kuandikwa, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini.

Kaka alikuwa kichwa chini miguu juu wakati huo, tai imemfunika pua. "Mjomba," alisema, "ni yeye. Si ngoma. Nimezipiga zote tatu, na yeye amezipiga zote tatu."

"Najua ni yeye," Mjomba alijibu, akidaka bango lililopita karibu. Hakukasirika. "Mkono wake nimeujua miaka minane. Unadhani pazia nililiacha la nini? Watu wamezoea kukuona wewe, mabango yameshachapwa, na meneja anataka watu wapae, hakutaka kujua wanapaishwa na nani." Kisha akainama kuelekea uwazi wa ukutani. "Fundi, ongeza mita mbili. Nyuma ya hilo la zamani anaonekana viwiko."

Fundi aliitazama tepu yake, akamtazama Vijiti, akaandika mbili.

Mzee Rula naye alifungua daftari lake na kujaza pengo la Jumatatu. Aliandika kwamba ngoma zote tatu ni nzima, na kwamba kinachoinua ni mkono wa yule binti. Alitia sahihi, akapiga mstari kwa rula, akalirudisha daftari mfukoni. Hakuna aliyeomba kulisoma.

Vijiti aliendelea kupiga kwa muda. Aliwaona wote kwa pamoja, nyayo zao juu ya kichwa chake: soli za Mjomba zilizokwisha upande mmoja, viatu vya Kaka vilivyong'arishwa, ndara za fundi, soksi za Mzee Rula zisizofanana. Ilimjia kwamba angeweza kusema alilotaka kusema sasa hivi, wakiwa huko juu, na kwamba wangemkubalia lolote. Lakini neno analoambiwa mtu aliyening'inia haliwi ombi wala uamuzi, huwa vitisho. Kwa hiyo aliyafumba matoazi ya mguu, taratibu, pigo kwa pigo, akawashusha mmoja mmoja, Mjomba akitangulia kwa sababu ya umri wake, hata fundi na cherehani yake wakasikika wakitua ng'ambo bila kishindo. Alingoja Mjomba apanguse vumbi la suruali. Alingoja fundi aje mlangoni na mahameli mkononi. Aliliokota bango, akalikunja vizuri, akampa Mjomba kwa mikono miwili.

"Mjomba, Kaka, Mzee, mama," alisema, "Jumamosi nitakuja ukumbini saa kumi na mbili na ngoma hii iliyofuliwa, toazi jembamba la jazi na haya mawili ya mguu. Nitakaa kwenye kiti cha mbele. Nikikuta pazia limevutwa mbele ya kiti hicho, nitaviweka vijiti juu ya ngoma, nitashuka kukaa na watu, na Kaka atapiga."