Nusu Saa ya Kila Asubuhi

Vumbi lile kwenye viatu vyangu, mke wangu, nililipaka kwa mkono. Sikulikanyaga. Nililichota pembeni mwa barabara, nikalinyunyiza juu ya raba mpya ulizoninunulia, kisha nikainuka polepole kama mtu aliyetoka mbali.

Na lile jasho shingoni? Maji ya bomba. Bomba la nyuma ya duka la mikate, pale barazani nilipokaa nusu saa kila asubuhi, miezi minne mizima, nikinusa mikate na kuwatazama wenye miguu yao wakipita. Ulidhani natembea. Nilikuwa nimekaa.

Mimi fundi saa, maisha yangu yote ni kukaa. Kiti, meza, kioo cha jichoni. Wateja nawaambia: saa ikilala sana kabatini mafuta yake huganda; ivae, ifanye kazi. Nawaambia hivyo bila haya, tumbo langu likiwa limeegemea meza. Mwili wangu mwenyewe niliuacha ugande. Magoti yakaanza kulia, nyayo zikaingia ganzi, ngazi sita tu na moyo unanienda mbio.

Daktari hakuficha. Misuli ikifanya kazi, alisema, hula sukari iliyo kwenye damu. Basi tembea, mzee, la sivyo huu mguu utatuhangaisha. Ulinishika mkono kwa nguvu. Mimi niliitikia tu, ndiyo daktari, ndiyo.

Lo, ulivyojivunia! Kila alfajiri ulipiga goti ukanifunga kamba za viatu, maana mimi kuinama ni taabu. Jirani akiniulizia, ulicheka: "Hayupo huyo! Siku hizi ni kiguu na njia." Kicheko chako kilinifikia hadi pale barazani. Na mimi, mkavu wa macho, nilikuwa nimekaa.

Leo tumekwenda kliniki. Sukari imepanda. Daktari akauliza kama natembea, na kabla sijafumbua mdomo ukanijibia: "Kila siku, daktari. Viatu namfunga mimi mwenyewe." Akatikisa kichwa, akaandika sindano. Kama kutembea kote huko hakukusaidia, alisema, hatuna namna. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaipokea karatasi ya sindano, nikaikunja mfukoni.

Tuliporudi, uliingia jikoni moja kwa moja. Ukafungua kabati, ukatoa vyote, mafuta, unga, kopo la chumvi, ukavipanga mezani na kuvitazama kimoja kimoja.

"Kumbe ni mimi," ukasema. "Ni mapishi yangu yanayokuua."

Ukaanza kulia.

Ee mke wangu! Wewe uliyeacha kula wali usije ukanitamanisha. Wewe uliyekuwa unaonja mchuzi usio na chumvi na kusema mtamu. Nilisimama mlangoni, na aibu ikanipanda hadi masikioni.

"Mama watoto, sijatembea. Hata siku moja."

Nikakueleza vumbi, nikakueleza bomba, nikakueleza baraza. Nilingoja unitukane. Afadhali ungenitukana. Ulijifuta uso kwa kiganja, ukavaa ndala zako.

"Twende."

Ukatoka, wewe mbele mimi nyuma, jua la alasiri usoni. Tulipita duka la mikate; hukugeuza hata shingo. Nguzo ya kwanza ya umeme, nikajikaza. Ya pili, nikaanza kuhema. Kwenye ya tatu pumzi zilinikatika kabisa, miguu inawaka moto, moyo unagonga mbavu. Nguzo tatu! Na nyumba yetu bado inaonekana, na dirisha la jikoni. Hapo ukageuka, ukaona mwenyewe mume wako anaishia wapi.

Kulikuwa na tofali kando ya njia. Nikalisogelea, mkono mmoja gotini, nikijishusha.

Ulirudi ukasimama kati yangu na lile tofali. Macho yako yalikuwa bado mekundu. Ukanisogezea bega nilishike.

"Pumzika," ukasema. "Lakini usikae."