Kipimo Kilichokataa Kulala

Kila asubuhi, kabla tanuri la vigae halijawashwa, fundi wa vipimo huchukua kitambaa laini akafuta vioo vyake viwili, kimoja ukuta huu wa chumba cha moto, kingine ukuta ule. Kati ya vioo hivyo hupita mwale wa leza usioonekana kwa macho. Gesi ya sumu ikitoka kwenye moto humeza sehemu ya mwale, na kadiri inavyomeza ndivyo namba inavyopanda. Mwale haumwogopi bosi wala hauli rushwa. Mwanamke huyu aliijua kazi yake, na hakuona haya kusema hivyo.

Kiwandani walikuwa na mazoea yao. Bomba la moshi likiwa bado baridi, moshi hurudi ndani, king'ora hulia, kazi husimama. Basi wakati wa kuwasha, kipimo hulazwa, yaani huzimwa kwa muda, mpaka bomba lipate moto. Kaka yake fundi, mchochea moto, alianguka akafa kipimo kikiwa kimelala. Wakasema ni moyo. Moyo gani, jamani, mtu aliyekuwa akibeba magunia huku anapiga mluzi! Kazi yake akapewa mume wa fundi.

Jumatatu moja fundi alikilaza kipimo kama kawaida, kikakataa kulala. Kaka yake alikuwa amesimama katikati ya mwale, ndani ya ovaroli ileile aliyoanguka nayo, akiitoa taratibu kwa pumzi ile gesi aliyoondoka nayo. King'ora kikalia.

"Kaka, unanivurugia kipimo."

"Nakivuruga au nakisaidia?" Akamgeukia mume wa fundi, aliyekuwa akiwasha moto. "Shemeji, hebu toka nje upunge hewa."

Mume akatoka. Fundi akakijaribu kipimo kwa gesi ya mtungi yenye kiasi kinachojulikana, akafuta vioo tena. Namba haikuwa na kosa hata chembe, nayo ilitosha kuua. Roho ilimuuma, lakini alijisikia fahari pia: kipimo chake kimesema alichokijua siku zote.

Meneja akaja kujionea. Alimtazama marehemu kutoka juu hadi chini.

"Humu haingii mtu bila kofia ngumu," akasema, na marehemu akaletewa kofia. Kuhusu namba, alisema hiyo ni gesi ya marehemu, si ya kiwanda, kwa hiyo haihesabiki. King'ora kikakatwa waya.

"Kipimo changu hakikosei," alisema fundi.

"Nani kasema kinakosea? Kinapiga kelele tu."

Asubuhi iliyofuata mume aliinama kuwasha. Namba ikapanda kimyakimya. Kaka mtu akasogea kidogo pembeni, kama anayempisha mwenzake kwenye benchi. Fundi akaliona pengo lile la kutosha mtu mmoja, akaogopa, akapiga ukelele kushinda king'ora chochote.

"Baba watoto, toka!"

Mume akatoka akikohoa, mzima. Fundi akapewa onyo kwa kupiga kelele kazini.

Kesho yake tanuri likawashwa vilevile. Fundi alifuta vioo vyake, akasimama palepale, koo tayari. Mtunza stoo, ambaye hapendi kukimbizwa dakika za mwisho, alikuwa ameshatundika kofia ya pili mlangoni.